Namna ya Kuiozesha Filamu Yako

Kiswahili kina neno moja linalobeba heri na hasara kwa pamoja: kuoza. Binti huozwa kwa vigelegele. Samaki huoza kwa kukaa. Filamu ya makala iliyokwisha kupigwa ina njia hizo mbili tu, na nawajua waongozaji hodari wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala ambao kazi zao za miaka mitano zimelala kwenye diski chini ya kitanda, zikielekea kwenye ile njia ya samaki. Mwongozo huu ni wao. Ni wako pia wewe ambaye bado unapiga picha na nyumbani wameanza kukuuliza hiyo filamu tutaiona lini.

Kwa desturi yetu mwenye binti hutulia kwake akasubiri hodi. Kwenye biashara ya majukwaa ya filamu mambo yamepinduka: mwenye binti ndiye anayefunga safari kwenda kubisha kwa mwenye mali. Likubali hilo mapema. Hakuna mtu wa Netflix anayezunguka Kariakoo akiulizia nani ana makala nzuri. Yaliyobaki ya shughuli hii unayajua tangu utoto. Kuna mshenga, kuna posa, kuna mahari, kuna wazee wa upande wa pili wenye maswali yao, na kuna swali la mwisho ambalo wengi hulikumbuka karamu ikiwa imekwisha: watoto watakuwa wa nani?

Anza na mshenga. Netflix imeandika waziwazi kwamba haipokei miradi kutoka kwa mtu asiye na wa kumtambulisha. Lazima upite kwa wakala, mwanasheria, meneja au mtayarishaji ambaye tayari anafanya kazi nao. Ile barua pepe uliyoituma usiku wa manane na kiambatisho cha kurasa sitini haikusomwa, na ipo sababu ya kisheria: mtu akisoma wazo lako leo, kisha nyumba yake ikatoa filamu inayofanana nalo mwakani, utamshtaki. Kwa hiyo usimlaani asiyejibu. Mtafute yule ambaye barua zake hujibiwa.

Washenga wa filamu hupatikana sokoni. Ipo Durban FilmMart, inayokusanya watu wa Afrika nzima tangu mwaka 2010. Ipo Hot Docs ya Toronto, na ipo IDFA ya Amsterdam, ambako kila Novemba waongozaji husimama mbele ya wanunuzi na kuzinadi filamu zao kwa dakika chache za kuhesabika. Kabla hujafika huko, Nairobi kuna Docubox, mfuko ulioanzishwa na mwongozaji Judy Kibinge kwa ajili ya makala za Afrika Mashariki. Fedha yake itakusaidia, ila kikubwa utakachokipata pale ni kuketishwa chini na wenzako wakakuambia mahali filamu inapolegea. Softie, makala ya Sam Soko juu ya mwanaharakati Boniface Mwangi, haikuokotwa na mtu kwenye barua pepe. Mtayarishaji wake, Toni Kamau, aliitembeza kwa subira, na Januari 2020 ikaingia Sundance, ikatoka na tuzo maalumu ya uhariri. Mshenga mzuri hufanya kazi hiyo: anaingia kwenye nyumba ambazo wewe hujui hata mlango wake uko upande gani.

Adabu moja ndogo. Ukimwona mnunuzi Forodhani wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, mshikaki mkononi, mwache ale. Msalimie, mwambie jina lako, mwambie jina la filamu, ondoka. Kesho asubuhi atakukumbuka kwa heri.

Mshenga akishapatikana atakuuliza filamu inahusu nini, na hapo unatakiwa kujibu kwa sentensi moja. Ijaribu kwanza kwa dereva wa bodaboda mkiwa mmesimama kwenye taa. Taa ikiwaka kijani naye bado anauliza "halafu ikawaje?", sentensi imekomaa. Akikuambia "hongera sana," rudi nyumbani ukaandike upya.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni mtu kupeleka mada akidhani amepeleka kisa. "Filamu yangu inahusu uharibifu wa bahari" ni mada, na semina za hoteli zinazo mada za kutosha. Tazama walichofanya jirani zetu wa Afrika Kusini na My Octopus Teacher. Bahari imo, mazingira yamo, lakini kisa ni mtu mmoja aliyechoka na maisha, akawa anapiga mbizi kila siku kwenye maji baridi karibu na Cape Town, mpaka pweza mmoja akamzoea. Netflix waliitoa mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikachukua Oscar. Sisi wa pwani tumempiga pweza juu ya mwamba alainike tangu tulipokuwa watoto, na hakuna aliyefikiri kwamba pweza mmoja, mwenye tabia zake na siku zake za kuishi, anaweza kubeba karibu saa moja na nusu ya filamu.

Au ichukue The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ambayo Kenya iliipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar. Wazee wa Kilifi kusingiziwa uchawi ni mada ambayo magazeti yameiandika mpaka wasomaji wakaizoea. Kisa ni kijana wa mjini anayesikia kwamba nyanya yake mwenyewe anatuhumiwa, na wanaomtuhumu ni watu wa ukoo. Anarudi nyumbani kuuliza. Mtazamaji wa Oslo hajui Kilifi iko wapi, lakini na yeye ana nyanya.

Na wanyama? Fikiri mara mbili. Mwaka 2022 Barack Obama mwenyewe aliisimulia Our Great National Parks ya Netflix, na Tsavo imo. Hutashindana na helikopta zile. Ulichonacho wewe ambacho wao hawana ni mama wa Voi aliyelala shambani na debe la kupiga, akilinda mahindi yasiliwe na tembo. Nenda kakae naye.

Swali linalofuata la wazee wa upande wa pili ni gumu zaidi: kwa nini wewe? Hapa wengi huanza kutaja shahada na aina ya kamera. Jibu lenyewe limo kwenye historia ya filamu zilizopigwa kwetu. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, juu ya sangara, ndege za mizigo na ufukara wa mwambao wa Ziwa Victoria. Ilizunguka dunia, mwaka 2006 ikawania Oscar, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani. Mimi naiona ni filamu yenye picha nzito na yenye madai mazito kuliko ushahidi wake. Lakini kinachoniuma ni kingine. Watu wa Mwanza katika filamu ile ni wa kuulizwa tu. Hakuna mahali ambapo wao ndio wanaouliza. Chukua na Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Makala inayojulikana zaidi juu ya maisha yake, As Old as My Tongue ya mwaka 2006, iliongozwa na Mwingereza, Andy Jones. Namshukuru kwa moyo wote, maana Bi Kidude alituacha Aprili 2013 na nafasi ile haitarudi. Sisi tuliokuwa na kamera miaka ile tulikuwa tukipiga video za harusi, mara nyingine za harusi ambazo yeye mwenyewe alikuwa akiimba, na kanda zile tumezifuta ili tuzitumie tena.

Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini wewe, jibu kwa jambo ambalo mgeni hawezi kulinunua. Sema nani alikufungulia mlango, umekaa naye muda gani, na unaelewa nini wanapopunguza sauti. Hilo la mwisho lina thamani kubwa. Mpiga picha aliyekuja na mkalimani hupata wanayoyasema kwa sauti ya kawaida. Mtoto wa nyumbani hupata mnong'ono, na filamu nyingi nzuri zimo kwenye mnong'ono.

Kuhusu kuigeuza filamu kuwa mfululizo, nina machache. Majukwaa hupenda mfululizo kwa sababu mtu akimaliza sehemu ya kwanza usiku hufungua ya pili. Laura Ricciardi na Moira Demos walifuatilia kesi moja ya Wisconsin kwa miaka kumi kabla ya Making a Murderer kutoka Desemba 2015 ikiwa na sehemu 10, na kila sehemu ilikuwa na chake. Ukiona sehemu yako ya tatu imejaa droni ikipita juu ya minazi, una filamu ya dakika tisini. Iache iwe hivyo.

Trela iwe fupi, dakika mbili au tatu, na watu wasikike wakisema lugha yao. Usimlazimishe mzee aongee Kiingereza cha kuazima ili mnunuzi aelewe. Mwaka 2022 Netflix ilionyesha tamthilia ya Kenya, Country Queen, watu wakizungumza Kiswahili, Kikuyu na Kikamba, na dunia haikusimama. Tumia fedha ya mkalimani kwenye maandishi ya chini ya picha. Mpe kazi hiyo mtu anayejua kwa nini watu wanacheka pale wanapocheka, maana kicheko kisichofasiriwa humfanya mhusika wako aonekane mjinga mbele ya wageni. Hilo ni kosa kwake, na yeye ndiye aliyekukaribisha.

Sasa makaratasi. Najua unataka kuruka aya hizi. Nakusihi usiruke, kwa sababu hapa ndipo ndoa nyingi za filamu za kwetu zimevunjikia, posa ikiwa imekwisha kukubaliwa.

Jukwaa likisema ndiyo, mara nyingi litataka picha za ubora wa 4K, kisha litataka bima ya kulilinda likishtakiwa kwa kilichomo ndani ya filamu, na kampuni ya bima itataka uthibitisho kwamba kila sura, kila sauti na kila picha ina ruhusa ya mwenyewe. Kibali cha Bodi ya Filamu kinahitajika Tanzania, na Kenya nako kuna leseni yake. Fomu za ridhaa ziandike kwa Kiswahili. Msomee mzee kwa sauti, mbele ya mtoto wake, huku kamera ikirekodi, na umweleze maana ya "duniani kote" na "milele". Nimewahi kuona watu wa makamo wakitia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza ya kurasa nne. Karatasi ile huenda ikakubalika mahakamani, lakini aliyewaletea alijua anachofanya, na mimi ningekuwa yeye singeweza kuwatazama usoni tena.

Muziki ni mtihani wa peke yake. Tuliwahi kupiga tukio la harusi, bibi harusi anaingia, shangazi zake wanalia, na nyuma yao spika inapiga taarabu. Dakika tatu bora kuliko zote za filamu ile. Wimbo ule una mtunzi wa mashairi, una mtunzi wa muziki, una kikundi, una aliyeurekodi, na kila mmoja ana haki yake. Tulianzia COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki wa Zanzibar, tukaenda kwa wenzao wa Bara, COSOTA, tukatafuta warithi wa watu wawili waliokwisha kufariki. Miezi saba. Mwisho tukio likakatwa, na sijaacha kuliota. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe, mwombe mwenye spika aizime. Atakununia dakika tano, na shangazi watalia vilevile.

Halafu kuna picha za zamani. Ukitengeneza makala ya historia ya kwetu utakutana na jambo hili na litakukereketa. Picha za angani za siku za Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, zilipigwa na Waitaliano na zimo kwenye filamu yao Africa Addio ya mwaka 1966. Gwaride, ziara za magavana, bandari zetu, sherehe za uhuru: kwa sehemu kubwa zimo kwenye maghala ya Ulaya, British Pathé ikiwa mojawapo, na picha za maghala ya namna hiyo hulipiwa kwa kipimo cha muda, mara nyingi kwa sekunde. Mjukuu analipa kwa sekunde kumwona babu yake akitembea. Liweke hilo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kisha uanze kutafuta vilivyobaki nyumbani: kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, albamu za studio za mitaani, masanduku ya watu. Utastaajabu ni vitu gani vimo kwenye kabati la bibi yako, chini ya kanga.

Nimeyaweka hayo kabla ya mahari kwa makusudi, kwa sababu mahari ndiyo itakayoamua kama wajukuu wetu nao watalipa kwa sekunde.

Fedha ya jukwaa huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni leseni. Unapangisha nyumba: jukwaa linaionyesha filamu kwa miaka kadhaa, katika nchi zilizotajwa, kisha filamu inarudi kwako. Fedha yake mara nyingi ni ndogo, hasa kama filamu imekwisha kuzunguka matamasha. Ya pili ni filamu kuwa ya jukwaa lenyewe tangu mwanzo. Hapo linalipa gharama zote za kutengeneza na kuongeza kiasi juu yake, kisha linachukua umiliki. Siku ya kusaini hesabu hii inapendeza kuliko ile. Lakini filamu ikitazamwa na watu mia au milioni mia, kwa kawaida wewe umekwisha kulipwa. Sikukatazi kusaini mkataba wa namna hii; nimewashauri watu wausaini, kwa sababu bila fedha ile filamu isingekuwapo. Nakusihi tu umpelekee mwanasheria anayejua filamu, na siyo binamu yako wa kesi za viwanja, na uombe mambo ambayo mara nyingi hukubaliwa kwa sababu kwao ni madogo.

Omba haki ya televisheni za nyumbani kwa Kiswahili baada ya muda fulani. Omba haki ya kuonyesha shuleni na vyuoni. Na zaidi ya zote, omba picha zisizotumika. Filamu ya dakika tisini huacha nyuma saa mia mbili, mia tatu za picha, na humo ndimo alimo mzee akieleza namna ya kuchagua gogo la mkuku, bibi akitaja majina ya samaki ambayo vijana hawayajui tena, soko lililokwisha kubomolewa. Mikataba mingi ya kawaida huzichukua zote, hata zile ambazo jukwaa halizihitaji. Ukiziacha zikaondoka, mwaka 2080 mtu wa Pangani atakuwa anajaza fomu kuomba sekunde kumi za mtaa wake.

Pia usiweke binti zako wote nyumba moja. Januari 2024 Prime Video ilitangaza kusimamisha uwekezaji wake wa filamu mpya za Afrika, na miradi ya watu ikabaki njiani. Netflix iliwapa Wakenya mpango wa bure wa simu za Android mwaka 2021, ikaufunga mwaka 2023. Nyumba hizi hubadili mawazo kwa hesabu zinazofanywa mbali, na kosa linaweza lisiwe la filamu yako hata kidogo.

Kipo kifungu kimoja ambacho sasa nakiandika kabla ya vingine vyote, na nieleze kilikotoka. Miaka mingi iliyopita tulikaa misimu mitatu na mafundi wa majahazi kaskazini mwa Unguja. Tulimfuata mzee mmoja tangu siku alipoulaza mkuku mchangani, tukamwona akikalafati kwa pamba na mafuta, mpaka jahazi likashuliwa na kijiji kizima kikivuta kamba kwa nyimbo. Filamu ilipata msambazaji wa nje. Nikasaini haraka, kwa furaha, karatasi iliyompa haki zote, kila mahali. Mwezi uliofuata mzee alinitumia salamu: ile sinema yetu mnaileta lini? Nikaomba ruhusa ya kuionyesha pale kijijini, usiku mmoja, kwenye shuka jeupe, bila kiingilio. Barua ikaenda, ikajibiwa kwamba itapelekwa kwa wahusika. Nikakumbusha. Ruhusa ilifika baada ya miezi kumi na minne, na mzee alikuwa amezikwa wiki sita kabla yake.

Tuliionyesha hivyohivyo. Alipotokea kwenye shuka na keekee mkononi, mtoto wake akasimama mbele ya watu wote, akabaki amesimama mpaka mwisho.

Kifungu chenyewe ni kifupi, na hakuna jukwaa lililowahi kunikatalia: mtengenezaji ana haki ya kuionyesha filamu hii bila malipo, wakati wowote, katika wilaya ilimopigwa, bila kuomba ruhusa ya mtu.